Uzi: Mshauri nasaha wa mbinu mseto hufanya nini hasa, na utamjuaje aliye mzuri?

MLETA MADA

Wanajukwaa, salaam.

Katika mjadala wetu uliopita kuhusu watu waliopoteza ajira, wengi waliandika "nenda kwa mshauri nasaha", lakini hakuna aliyeeleza mtu akifika huko anakutana na nini. Mimi ni mshauri nasaha, nafanya kazi Dar es Salaam, na nimefunzwa kwa mbinu mseto, maana yake sifuati shule moja tu (yaani mkondo mmoja wa mawazo) ya tiba ya mazungumzo, bali nachota kutoka kadhaa kulingana na mtu aliyeketi mbele yangu. Nitaeleza kazi hiyo ilivyo, kisha nitajibu maswali kadiri muda utakavyoniruhusu. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunipinga anipinge vizuri: kuchanganya mbinu kuna thamani pale tu mshauri anapoweza kumweleza mteja, kwa maneno ya kawaida, kwa nini leo wanafanya jambo hili na si lile. Asiyeweza kueleza hilo anabahatisha, hata kama ukuta wa ofisi yake umejaa vyeti.

Shule za tiba ya mazungumzo ni nyingi, lakini tatu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi yangu. Ya kwanza ilianzia Vienna, ambako daktari Josef Breuer alimtibu mwanamke kijana, Bertha Pappenheim, kati ya mwaka 1880 na 1882, na mgonjwa huyo mwenyewe ndiye aliyeyaita mazungumzo yao matibabu. Breuer na daktari mwenzake Sigmund Freud walikichapisha kisa hicho mwaka 1895 wakimficha kwa jina la Anna O., na kutokana na kazi hiyo, pamoja na yale ambayo Freud aliyaendeleza baadaye, tumerithi wazo kwamba maumivu ya leo mara nyingi yana mizizi katika mahusiano ya zamani ambayo mtu hayakumbuki waziwazi au hataki kuyakumbuka. Ya pili ni ya mwanasaikolojia Mmarekani Carl Rogers, ambaye mwaka 1957 aliandika makala akidai kwamba mteja hubadilika iwapo mshauri anamwelewa kwa kuitazama hali kupitia macho ya mteja mwenyewe, anamkubali bila kumwekea masharti, na anabaki mkweli badala ya kujificha nyuma ya cheo chake. Ya tatu ni ya Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, ambaye katika miaka ya 1960 aliona kwamba wagonjwa wake wa sonona walitawaliwa na mawazo ya haraka yanayojitokeza yenyewe, kama vile "mimi sifai" au "hakuna kitakachobadilika", akaanza kuwafundisha kuyachunguza mawazo hayo kama madai yanayohitaji ushahidi.

Wafuasi wa shule hizi walibishana kwa miaka mingi kuhusu nani ana haki. Lakini mapema kama mwaka 1936 mwanasaikolojia Saul Rosenzweig alikwishaandika kwamba huenda tiba zinazoonekana kupingana zinafanikiwa kwa sababu ya mambo ambayo zote zinayo. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliyapanga vizuri zaidi yale yanayohusu ushirikiano kati ya mshauri na mteja: wakubaliane lengo, wakubaliane kazi za kufanya ili kulifikia, na kuwe na uhusiano wa kuaminiana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha tafiti 295, ulionyesha kwamba ushirikiano huo unaendana na matokeo ya tiba kwa kiwango cha wastani, yaani kiwango cha uwiano cha takriban 0.28, ambapo 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kuendana kikamilifu. Si kiwango kikubwa cha kutisha, ila kimejirudia katika mbinu mbalimbali na nchi mbalimbali, na ndicho kinachonipa mimi ujasiri wa kubadilisha zana huku nikiulinda uhusiano.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Nitatoa mfano wa kutunga, kwa kuwa siwezi kuwaanika watu walioniamini. Chukulieni mwalimu wa shule ya msingi aliyefiwa na mume miezi michache iliyopita, na ndugu wa marehemu wameanza kuidai nyumba. Halali usiku, anawafokea wanafunzi kwa mambo madogo, na kila anayemtembelea anamwambia ajikaze kwa ajili ya watoto. Katika vikao vya mwanzo sitampa zoezi lolote wala sitamhoji kuhusu utoto wake, kwa sababu kitu ambacho amekikosa tangu siku ya msiba ni mtu wa kumsikia hadi mwisho wa sentensi zake bila kumkatisha kwa faraja. Hapo niko karibu kabisa na Rogers, na watu wengi hushangaa kwamba kusikilizwa kwa namna hiyo kunachosha na kunapunguza mzigo kwa wakati mmoja.

Baada ya muda huenda akataja, kwa sauti ya chini, wazo linalomwamsha saa nane za usiku: kwamba mume wake alikufa kwa sababu yeye alichelewa kumpeleka hospitali. Wazo la namna hiyo haliondoki kwa kuambiwa "usijilaumu". Tutalishughulikia kwa njia ya Beck, tukiandika siku kwa siku mambo yalivyokwenda, nani aliamua nini, dalili zipi zilionekana na zipi hazikuonekana, alichojua yeye wakati ule na alichokuja kukijua baadaye. Mara nyingi mtu anagundua kwamba anajihukumu kwa taarifa ambazo hakuwa nazo, na mara nyingine anagundua kwamba kweli kulikuwa na ucheleweshaji, jambo ambalo nalo linahitaji kuombolezwa kwa ukweli wake na si kufunikwa.

Inawezekana pia kwamba, usiku ukishaanza kutulia, lijitokeze jambo la zamani zaidi. Pengine alikuwa mtoto wa kwanza aliyewalea wadogo zake baada ya kufiwa na mama, akajifunza tangu akiwa na umri wa miaka tisa kwamba anayelia anawaangusha wengine. Hapo ndipo urithi wa shule ya kwanza unaposaidia, kwa kuwa msiba wa sasa umebeba msiba ambao hakuruhusiwa kuuomboleza. Kuanza na jambo hilo katika kikao cha kwanza kungekuwa ukatili, na kutolifikia kabisa kungemwacha na nusu ya mzigo.

Kuna sehemu ya kisa hiki ambayo si kazi yangu hata kidogo. Nyumba inayogombaniwa inahitaji msaada wa kisheria kuhusu mirathi, na ikiwa usingizi haurudi au mwili unadhoofika, anahitaji daktari. Mshauri anayejaribu kutibu mgogoro wa mirathi kwa mazungumzo pekee anampotezea mteja muda ambao ndugu wa mume wanautumia kubadilisha makufuli.

Karibuni kwa maswali.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Asante kwa maelezo, mkuu, lakini mimi bado sijashawishika. Sisi tumekua na wazee wa ukoo, mashangazi, majirani na marafiki wa kweli. Mtu akiwa na shida anaitwa barazani au jikoni anazungumza. Kwa nini nimlipe mgeni anisikilize, wakati ninao watu wanaonijua tangu kuzaliwa?

MLETA MADA

Swali lako ni la haki na sitaki kulijibu kwa kuwadharau mashangazi. Mwenye watu wanaomsikiliza vizuri huenda asihitaji huduma yangu kabisa, na mteja akinieleza kwamba ana mtu wa namna hiyo, namhimiza amtumie.

Tofauti inajitokeza katika mambo ambayo uhusiano wa karibu hauwezi kuyabeba. Shangazi yako ana maslahi katika jibu lako, kwa kuwa ukisema ndoa imekushinda, yeye ndiye aliyesimamia posa. Rafiki ataumia ukimweleza, na utaanza kumficha baadhi ya mambo ili kumlinda. Mzee wa ukoo kazi yake ni kusuluhisha, hivyo atatafuta suluhu hata pale unapotaka kwanza kujua unahisi nini. Mimi sikujui, sitakuwepo kwenye harusi ya dada yako, na sina sababu ya kutaka uchague upande wowote. Ugeni huo ndio unaokupa nafasi ya kusema neno ambalo hujawahi kulisema kwa sauti.

Pia kuna nidhamu ambayo haionekani. Kikao kina mwanzo na mwisho, kwa kawaida dakika 50, na hakihami siku kwa siku kulingana na nafasi yangu. Hatubadilishani zamu ya kueleza matatizo. Mimi mwenyewe nina mshauri mwenzangu mwandamizi ninayempelekea kazi yangu mara kwa mara bila kutaja majina ya wateja, ili anionyeshe pale ninapovutwa na hisia zangu. Mtu anayejiita mshauri nasaha na hana wa kumsimamia, muulize kwa nini.

MCHANGIAJI WA PILI (NAIROBI)

Naomba kuongeza la Kenya. Huku kuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, ambayo iliunda bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni watoa huduma hawa. Hata hivyo, mitandaoni utakuta watu wengi wanaojiita washauri baada ya mafunzo ya wikendi, na wananchi wengi hawajui kwamba wana haki ya kuomba kuona leseni. Je, mteja aulize maswali gani bila kuonekana anamkosea heshima mtaalamu?

MLETA MADA

Aulize tu, na akiona mshauri amekasirika, amekwisha kupata jibu lake. Mimi ningemuuliza alisomea wapi na kwa muda gani, amesajiliwa na nani, nani anamsimamia, ameshawahi kufanya kazi na tatizo linalofanana na langu, na tutajuaje kwamba tunapiga hatua. Kwa mshauri wa mbinu mseto ningeongeza swali moja: "Unaamuaje utumie mbinu ipi?" Jibu zuri litaanzia kwako, yaani hali yako, lengo lako na kile ulichokwisha kujaribu. Jibu baya litakuwa orodha ya majina ya mbinu, kila moja ikitajwa kana kwamba ni cheo.

Nchini Tanzania wengi wetu tulilisikia neno ushauri nasaha kwa mara ya kwanza kupitia upimaji wa VVU, katika vituo vya Angaza na zahanati za serikali. Huduma ile ilifanya kazi kubwa, lakini pia iliwaachia watu picha kwamba ushauri nasaha ni mazungumzo mafupi kabla na baada ya kupewa majibu. Ndiyo maana baadhi ya wateja wangu hufika wakitarajia kupewa maelekezo na kuondoka ndani ya robo saa.

MCHANGIAJI WA TATU (BIRMINGHAM)

Mimi niko Uingereza na nimepitia huduma hii, kwa hiyo naweza kueleza ya huku. England kuna huduma ya umma ya tiba ya mazungumzo iliyoanzishwa mwaka 2008, ambayo tangu mwaka 2023 inaitwa NHS Talking Therapies. Haina malipo, na ukishakuwa umesajiliwa kwa daktari wa kawaida unaweza kujiandikisha mwenyewe bila kusubiri akuandikie barua. Unaweza pia kuomba mkalimani, jambo ambalo Waswahili wengi hapa hawalijui. Kasoro yake ni kwamba huduma hiyo inaelemea zaidi upande wa Beck, vikao ni vya idadi maalumu, na mimi nilihitaji kuzungumzia mambo ya ukimbizini ambayo hayakuingia kwenye fomu. Baadaye nilienda kwa mshauri binafsi wa mbinu mseto, aliyekuwa kwenye rejista ya BACP, chama cha washauri nasaha cha huku. Watu wajue kwamba hapa jina la "counsellor" halilindwi na sheria, mtu yeyote anaweza kujiita hivyo, na kwa hiyo rejista za vyama ndizo kinga ya mteja.

Swali langu kwa mleta mada ni kuhusu lugha. Nilikuwa nikieleza kwa Kiingereza na nilionekana mzima kabisa. Siku nilipoanza kusema kwa Kiswahili sikuweza kumaliza sentensi.

MLETA MADA

Nashukuru sana kwa mchango huu. Hilo ulilolieleza tunaliona hata hapa nyumbani, kwa watu waliosoma wanaoanza kikao kwa Kiingereza cha ofisini. Lugha uliyojifunzia shule inakupa umbali na jambo lenyewe, na umbali huo unaweza kuwa kinga unayoihitaji kwa muda. Sikulazimishi kuuacha. Nitakachofanya ni kukuuliza, wakati ukiwa tayari, mama yako angekiitaje kitu hicho, au siku ile ulijisemea nini moyoni. Mshauri asiyejua Kiswahili anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kukuomba uliseme kwanza kwa lugha yako, hata kama yeye haelewi, kisha umfafanulie.

MCHANGIAJI WA NNE (UNGUJA)

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, hujagusa kabisa upande wa dini na mambo ya majini. Kwetu mtu akianza kukosa usingizi na kujitenga, watu humpeleka kusomewa. Wewe ukija na Freud wako utamwambia nini mama anayeamini mwanawe ana jini?

MLETA MADA

Wa alaykum salaam. Sitamwambia lolote kuhusu Freud. Nitamuuliza amekwenda kwa nani, aliambiwa nini, na kisomo kilimsaidia mwanawe kwa namna gani, kwa sababu mara nyingi kilisaidia: kijana alilala usiku mmoja, ndugu walikusanyika, na hakuna aliyemwita mvivu. Kumtaka mama achague kati ya imani yake na mimi ni njia ya hakika ya kumpoteza kijana.

Jambo ambalo silikubali ni kufungwa kamba, kupigwa, kunyimwa chakula, au kuambiwa aache dawa alizoandikiwa. Hapo nasema wazi. Kadhalika, kama kijana anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii au amepoteza mwelekeo wa mahali na wakati, tiba ya mazungumzo peke yake haimtoshi, naye anatakiwa aonwe na daktari wa akili, iwe ni Kidongo Chekundu huko kwenu, Muhimbili hapa Dar es Salaam au Mirembe mjini Dodoma. Kisomo kinaweza kuendelea sambamba na matibabu, na nimeona masheikh wenye busara wakiwa wa kwanza kumshauri mzazi aende hospitali.

MCHANGIAJI WA TANO

Haya yote ni mazuri kwa mwenye uwezo. Sisi wengine bei ya kikao kimoja ni chakula cha wiki. Tufanyeje?

MLETA MADA

Sina jibu la kukuridhisha kabisa, kwa kuwa huduma binafsi ni ghali na ya umma haijasambaa. Unapoulizia, uliza kama mshauri ana malipo yanayopimwa kwa kipato, na ulizia vyuo vinavyofundisha fani hii, kwa sababu wanafunzi wa mwaka wa mwisho hufanya mazoezi chini ya usimamizi, mara nyingi kwa bei ndogo au bure.

Nje ya hapo, mfano unaonipa matumaini ni wa Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa Mbare, mjini Harare, kuzungumza na wenye huzuni na wasiwasi kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi hafundishwi shule tatu nilizozieleza juu. Anafundishwa kumsaidia mtu kuyataja matatizo yake, kuchagua moja, na kupanga hatua inayowezekana, katika vikao takriban sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hata Zanzibar. Nakiri kwamba matokeo hayo yanatuweka sisi wenye shahada pabaya kidogo, na ni vyema.

Kama hujui ukubwa wa tatizo lako, zahanati nyingi zinaweza kukuuliza maswali tisa ya PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili. Linahusu wiki mbili zilizopita, alama zake ni kuanzia 0 hadi 27, na mtu anayefikisha 10 au zaidi anastahili kuchunguzwa kwa makini. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Ukilijibu "ndiyo", hata kwa siku chache tu, usisubiri nafasi ya mshauri wiki ijayo, nenda hospitali leo ukiwa na mtu unayemwamini.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Hapo ndipo penye hofu yangu. Mtu akikuambia alijaribu kujiua, si utampeleka polisi? Hiyo siri iko wapi?

MLETA MADA

Sitampeleka polisi. Usiri wangu una mipaka michache, nayo naieleza kabla mteja hajaanza kusema: ikiwa maisha yake au ya mtu mwingine yako hatarini sasa hivi, au ikiwa mtoto anadhulumiwa, nitamhusisha mtu anayeweza kumlinda, na kila inapowezekana nitamwambia mteja kwanza nani na kwa nini. Kwa watoto kuna namba 116 ya simu bila malipo, inayotumika Tanzania na Kenya pia.

Hofu yako hata hivyo ina msingi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwezi Januari 2025. Kwa maoni yangu sheria ya namna hiyo haijamzuia mtu yeyote kujidhuru, ila imewafanya wengi wamdanganye daktari kwamba walikunywa sumu kwa bahati mbaya, na daktari aliyedanganywa hawezi kuuliza swali la pili.

MCHANGIAJI WA SITA

Samahani kwa kuchelewa kuingia. Mume wangu amebadilika tangu alipopunguzwa kazi, haongei, anakunywa. Nimemwambia mara nyingi aende kwa mshauri, anasema yeye si kichaa. Nimlazimishe?

MLETA MADA

Pole sana, dada. Usimlazimishe, kwa kuwa anayeletwa kwa nguvu hukaa kimya hadi muda uishe, kisha anapata ushahidi kwamba huduma haifai. Jaribu kuliondoa neno "mshauri" kwenye mazungumzo kwa sasa na useme unachokiona bila kumpa jina la ugonjwa: kwamba halali, kwamba hacheki na watoto kama zamani, na kwamba unamkosa. Wanaume wengi hukubali kwanza kumwona daktari kwa ajili ya usingizi au kichwa kinachouma, na daktari mzuri ataulizia mengine. Ikiwa anakunywa kila siku na kwa wingi, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani, kwani mwili uliozoea pombe unaweza kupata degedege. Suala hilo nalo ni la daktari.

Wewe mwenyewe unaweza kuja bila yeye. Tutazungumza kuhusu unavyoishi na hali hiyo, mipaka ipi unaihitaji, na watoto waambiwe nini. Kama kuna kupigwa au vitisho ndani ya nyumba, naomba usiandike hapa jukwaani ambapo anaweza kusoma. Niandikie faraghani, nami nitakuelekeza kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi lililo karibu nawe.